Kiapo cha Mama Mkwe

Simu ilipolia Alhamisi ile asubuhi, Awinja alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mkwe wake akimkata kucha za miguu. Abigail alikuwa amevuka miaka themanini. Mgongo ulikuwa umekataa kuinama, na kucha zilikuwa zimekakamaa hadi ikalazimu ziloweshwe kwanza kwenye karai la maji ya moto. Awinja alijipangusa mikono kwa leso, akapokea simu, akasikiliza, kisha akasema "asante sana" mara tatu.

"Nani huyo?" Abigail akauliza.

"Ni serikali, mama. Wanasema nimepita mahojiano. Mimi ndiye naibu chifu mpya wa hapa Shivukhalo."

Bibi alipiga kigelegele kimoja kirefu, mpaka kuku wakatawanyika pale uani. Kisha kikamkatikia mdomoni.

"Na Shikanga?"

Awinja alirudisha mguu wa mama mkwe kwenye karai. "Nafasi ilikuwa moja tu, mama," akasema.

Akaendelea na kucha mpaka zikaisha.

Awinja alikuwa mzaliwa wa Hamisi, kwa Watiriki. Aliolewa Shivukhalo, upande huu wa Malinya, mwaka wa 1999, na mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Jairus, mtu mpole aliyependa redio kuliko mazungumzo. Huku, mke huitwa kwa jina la watu wa kwao, kwa hiyo Abigail alimwita Mutirichi tangu juma la kwanza. Halikuwa jina la kumtenga. "Mkiniona bado natembea, mshukuruni Mutirichi wangu," bibi angewaambia wageni. "Daktari alinikataza sukari, lakini huyu ndiye aliyenificha kopo lenyewe."

Mwaka wa 2017 figo za Jairus zilichoka, na Jairus akaenda. Bomani wakabaki Awinja na binti zake wawili, Lynette na Michelle. Abigail katika nyumba yake ya katikati. Na upande wa chini, karibu na migomba, Shikanga, mdogo wake Jairus, pamoja na mkewe Christine. Shikanga hakuwa mtu mbaya. Siku ya mazishi ya kaka yake ndiye aliyeshuka kaburini kulipokea jeneza, akakataa kusaidiwa, na alipopanda juu matope yalikuwa yamemfika mapajani. Aliishi kwa kusimamia vijana kwenye mashimo ya dhahabu, na kwa miaka sita alikuwa mzee wa kijiji, kazi ya kuitwa usiku na mchana bila mshahara. Mafahali walipopiganishwa Malinya, ndiye aliyeaminiwa kuwatuliza watu ugomvi ukizuka. Naibu chifu wa zamani alipokaribia kustaafu, kila aliyekutana na Shikanga njiani alimwambia, "Kiti ni chako hicho." Mtu akiambiwa jambo miaka sita, huliamini.

Awinja naye alikuwa ametembea vijiji hivyo hivyo miaka kumi akiwa mhudumu wa afya, begani mkoba wa buluu wa dawa. Alijua nyumba gani ina mtoto asiyechanjwa, na mzee gani humeza vidonge vya kifua kikuu siku anazoonwa tu. Nafasi ilipotangazwa, alipeleka karatasi zake kama watu wengine kumi na mmoja. Alimwambia Shikanga mwenyewe, kwa mdomo wake, wakiwa wanachuma majani chai.

"Jaribu tu, shemeji," Shikanga alimjibu akicheka. "Ni haki yako."

Awinja aliongoza. Shikanga akawa wa pili.

Chifu Makhanu alimtambulisha barazani, akamkabidhi muhuri na ufunguo wa ofisi, chumba kimoja cha mabati kando ya uwanja wa shule. Abigail alikaa kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani. Shikanga hakuja, Christine alisema ana homa. Majuma matano Awinja aliifanya kazi ile kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu afiwe. Aliwapatanisha ndugu wawili waliogombania mti wa mpakani. Aliwarudisha shuleni wasichana watatu. Akifika nyumbani jioni, kabla ya kuvua hata sare, alipitia kwa mama mkwe na sahani ya obusuma, ugali wa huku, na mboga ya mrenda, akamsimulia kesi za siku nzima, na bibi akatoa hukumu zake mwenyewe, kali kuliko za serikali.

Juma la sita, mtu aliyevaa tai alikuja ofisini na bahasha. Shikanga alikuwa amekwenda mahakamani.

Aliishtaki kamati iliyomwajiri Awinja, na Awinja mwenyewe. Alidai kwamba kisheria naibu chifu lazima awe mkaazi wa kata ndogo anayoitumikia, na Awinja si mkaazi. Kitambulisho chake bado kinasema Hamisi. Na mume wake alipokufa, alirudi kwao akakaa miezi saba, jambo ambalo kwa mila lina maana ya ndoa kuvunjika. Jaji aliagiza kwamba Awinja asiingie ofisini mpaka kesi isikizwe. Muhuri ukarudi kwa Chifu Makhanu, na watu wa Shivukhalo wakawa wanapanda kilima hadi kwake kutafuta barua na vibali.

Wakili wa Awinja alikuwa kijana mmoja wa mjini Kakamega, jina lake Khaemba. Alizipitia karatasi zile huku akitikisa kichwa.

"Hii ya kitambulisho si kitu," alisema. "Hii ya miezi saba ndiyo nzito. Ulikuwa wapi?"

"Hamisi. Mama yangu mzazi alikuwa na kansa. Nilikwenda kumuuguza mpaka akafa, nikarudi. Mama mkwe wangu ndiye aliyenituma. Alinipa kuku na unga wa wimbi nimpelekee mgonjwa. Yeye mwenyewe alikuja kumzika."

"Vizuri sana. Basi tumwombe mama mkwe wako aandikishe hati ya kiapo, na mambo yataisha." Khaemba aligeuza ukurasa, kisha akatulia. Aligeuza tena, kama mtu anayetumaini amesoma vibaya. "Mama mkwe wako anaitwa Abigail?"

"Ndiye."

"Ameshaandikisha. Upande ule mwingine."

Alimsomea. *Kwamba mimi ni mama mzazi wa mlalamishi. Kwamba mwanangu Jairus alipofariki, mjane wake alifunga virago akarudi kwao bila kuaga. Kwamba aliporudi tulimpa mahali pa kulala kwa huruma, kwa sababu ya watoto. Kwamba hata sisi wa nyumbani hatumwiti jina la huku, twamwita Mutirichi, kwa maana ni mgeni.* Chini kabisa palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa zambarau.

Awinja alikitazama kidole kile. Alikijua. Kilikuwa na kovu katikati, la kisu cha kumenyea ndizi, na kovu lenyewe lilionekana pale kwenye karatasi, mstari mweupe.

Jioni hiyo alipika kama kawaida. Alisimama jikoni muda mrefu akiitazama sahani, kisha akaichukua akavuka uwanja. Abigail alikuwa kwenye kigoda chake. Aliiona sura ya mkwewe, na hakujifanya.

"Umesomewa," alisema.

"Nimesomewa, mama. Walikudanganya? Walikuambia ni karatasi ya nini?"

Angelijibu ndiyo, Awinja angeliamini. Alikuwa ameomba njia nzima kutoka mjini ajibiwe ndiyo.

"Sikudanganywa," Abigail alisema. "Walinisomea yote, mara mbili. Nilijua."

"Kwa nini, mama?"

Bibi alikaa akiyasugua magoti yake. "Shikanga alikuja akalia hapa, kwenye hii sakafu. Mtu mzima na ndevu zake, analia kama siku nilipomwachisha ziwa. Akasema, kaka alipata ualimu, mke wa kaka amepata uchifu, mimi nitakufa ndani ya shimo la dhahabu. Ningefanya nini? Huyo nilimzaa. Wewe nilipewa."

Awinja aliiweka sahani mezani, akaifunika isiingie nzi. Alitaka kusema maneno mengi, lakini lililotoka ni moja tu: "Kula kabla haijapoa." Akatoka nje.

Kesi ilikwenda miaka miwili. Mara jaji yuko likizo, mara faili haijafika, mara wakili wa Shikanga ana kesi nyingine. Kijiji kiligawanyika. Kanisani walikaa pande mbili bila mtu kuwaambia. Wanawake kisimani walimwambia Awinja, "Mwache bibi, asile chakula chako, tuone huyo Shikanga atamlisha nini." Hakuweza. Sahani iliendelea kuvuka uwanja kila jioni, na bibi aliendelea kuipokea, lakini mazungumzo yalikuwa yamekufa. Waliulizana habari za mvua. Kucha za miguu sasa zilikatwa na Michelle.

Lynette, binti mkubwa, ndiye aliyesema waziwazi. "Mama, acha hii kazi. Mwambie Shikanga aichukue. Tutapata nini humo?"

"Nikiiacha," Awinja alijibu, "nitakuwa nimekubali yaliyoandikwa. Kwamba nililala kwenye nyumba ya baba yenu kwa huruma. Na nyinyi je, mtakuwa watoto wa nani?"

Siku ya kusikizwa ilipokaribia, Khaemba alimwita ofisini kwake.

"Kesho kutwa bibi atapanda kizimbani," alisema. "Nitamhoji."

"Ana miaka themanini na tatu, wakili. Muulize kidogo tu. Usimwaibishe."

"Mama Awinja, nikimuuliza kidogo, kiapo chake kitasimama, na kikisimama wewe si mkaazi wa Shivukhalo. Sina shahidi mwingine aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo. Lazima yeye mwenyewe akivunje. Uniambie sasa: nimhoji au nisimhoji?"

Awinja alisikia pikipiki zikipita barabarani. Alifikiria wasichana wake. Akafikiria pia, na hili hakumwambia mtu kwa muda mrefu, jinsi alivyotaka mara moja tu kuusikia ule ukweli ukitoka kinywani mwa Abigail mbele ya watu.

"Mhoji," akasema.

Abigail alifika mahakamani amevaa kitambaa kile cheupe cha siku ya baraza. Shikanga alimshika mkono mpaka kizimbani. Karani alimwuliza kama angependa kuketi, akaketi, na kwa kuwa alikuwa mfupi, kilichoonekana juu ya mbao kilikuwa kichwa tu. Mkalimani alisimama karibu naye.

Khaemba hakupaza sauti. Pengine angepaza ingekuwa afadhali.

"Bibi, shikamoo. Mwaka wa 2018 ulisafiri kwenda Hamisi?"

"Sikumbuki."

"Nikusaidie. Kulikuwa na mazishi. Ya nani?"

"Ya mama yake Mutirichi."

"Ulilala huko siku ngapi?"

"Nne."

"Uliketi na akina nani siku ya mazishi? Wageni, au wakwe?"

"Wakwe."

"Kwa hiyo mwaka huo, huyu mama alikuwa bado mke wa kwenu."

Mkalimani alitafsiri.

"Na kabla ya mazishi, alipokuwa anamuuguza mama yake, kuna kitu ulimtumia mgonjwa?"

"Kuku."

"Nani alikibeba?"

"Mutirichi."

"Basi aliondokaje bila kuaga, bibi, akiwa amebeba kuku wako?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wengine wakafuata, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka mtego ukifyatuka. Jaji akagonga meza. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeinama, na mabega yakawa yanatikisika. Shikanga alikuwa ameuficha uso wake mikononi.

"Naomba maji," Abigail alisema.

Awinja alisimama. Hakuamua kusimama, miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyokuwa ikisimama miaka ishirini na zaidi kila bibi yule aliposema ana kiu. Alikuwa ameshafika njiani kati ya viti, akiangaza wapi pana maji, karani alipomnyooshea kiganja.

"Mama, rudi ukae. Huruhusiwi kumkaribia shahidi."

Akarudi akakaa. Maji yaliletwa na askari.

Abigail alikunywa, akakirudisha kikombe, akamgeukia jaji moja kwa moja, bila kumngoja mkalimani, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nimesema uongo," alisema. "Huyu ni mtoto wangu pia. Uniachilie sasa niende nyumbani. Nimechoka."

Hukumu ilisomwa miezi mitatu baadaye. Jaji alisema mjane ni mkaazi wa pale alipoolewa na anapoishi, na kumuuguza mzazi hakuvunji ndoa ya mtu. Uteuzi wa Awinja ulikuwa halali. Watu wake walimbeba mabegani, ngoma za isukuti zikapigwa kutoka barabara kuu hadi ofisi ya mabati. Alifungua kufuli lililoshika kutu, akakuta mchwa wamekula mguu wa meza.

Jioni hiyo alivuka uwanja na sahani. Mlango wa Abigail ulikuwa umefungwa kwa nje. Christine alitokea upande wa chini akipangusa mikono.

"Mama amehamia kwetu," alisema. "Anasema hawezi tena kula chakula cha mtu aliyemvua nguo mbele ya watu."

Awinja alirudi na sahani yake. Tangu hapo waliishi ndani ya ua mmoja kama watu wa nchi mbili. Asubuhi akienda kazini, alimwona bibi ameketishwa juani chini ya ukuta wa Shikanga. Angesema, "Mulembe, mama," na bibi angegeuza uso kuitazama migomba. Baada ya miezi kadhaa hakuonekana tena nje. Michelle, aliyekuwa akiruhusiwa kuingia, alisema kuku anakonda na haoni vizuri. Kuku, ndivyo wajukuu walivyomwita bibi yao.

Awinja alikwenda mara moja. Alivaa nguo ya kawaida, si sare, akabisha mlango wa shemeji yake. Christine alifungua nusu.

"Amelala," akasema.

"Nitangoja."

"Ukingoja atajua uko hapa, shemeji. Mwache alale."

Angeweza kusukuma mlango. Angeweza kurudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakurudi. Alijiambia kwamba aliyekosa ni mama mkwe, na aliyekosa ndiye anayetuma mtu kuomba suluhu. Alitumwa Eregi kwa semina, akaenda. Mvua zikaja na kazi ya kuhamisha familia zilizo karibu na mashimo. Siku zikapita hivyo.

Abigail alikufa Jumatatu asubuhi mwezi wa Mei, 2024, nyumbani. Na mtu akifia nyumbani, si hospitalini, kibali cha mazishi huandikwa na naibu chifu wa mahali hapo. Saa nne, Shikanga aliingia ofisini na kofia mkononi. Hawakuwa wameketi wakitazamana tangu ile siku ya majani chai.

"Pole, shemeji," Awinja alisema.

"Pole nawe."

Akachukua fomu. Jina la marehemu. Umri. Kalamu ilitembea vizuri mpaka mahali pa kuandika alivyougua kabla ya kufa.

"Ameugua tangu lini?"

"Juma zima. Lakini siku tatu za mwisho ndizo zilikuwa mbaya." Shikanga aliigeuza kofia. Akaigeuza tena. "Alikuita."

Awinja aliinua macho.

"Siku tatu alikuita. Ijumaa, Jumamosi, na jana. Alisema, mwiteni aje. Christine alitaka kuja kukuita, mimi nikamkataza. Nikasema ukija utaingia na hiyo sare, useme umeshinda mpaka ndani ya nyumba yangu." "Ni hatua arobaini tu, shemeji. Nilizihesabu leo nikija."

"Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui. Hakusema."

"Hata neno moja?"

"Alisema tu uje."

Nje, watoto wa shule walikuwa wakiimba meza ya kuzidisha. Awinja aliinama tena juu ya fomu. Hakulia pale, watu watatu walikuwa kwenye benchi nje wakingoja barua, na mlango ulikuwa wazi. Aliandika, akagonga muhuri, akamsukumia Shikanga karatasi juu ya meza, na Shikanga alipoipokea aliushika mkono wake pamoja na karatasi, akaushika kwa muda, kisha akauachilia akatoka.

Siku ya mazishi walimwekea Awinja kiti chenye kitambaa kwenye hema la wageni wa heshima, kati ya Chifu Makhanu na mchungaji. Wake wa boma walikuwa wamekaa kwenye mkeka kando ya jeneza, Christine mbele yao, na Lynette na Michelle pamoja nao. Mwendesha mazishi alimwita kwenye kipaza sauti: "Sasa tunamkaribisha naibu chifu wetu, atupe salamu za serikali." Alisimama, akatoa salamu za serikali. Aliwakumbusha wenyeji kwamba matanga yasipite muda uliowekwa. Alisema marehemu alikuwa mama wa watu wengi. Watu wakapiga makofi kidogo, akarudi kwenye kiti.

Bado ni naibu chifu wa Shivukhalo, na watu husema hawajapata mwingine kama yeye. Yeye na Shikanga husalimiana. Mwezi wa Agosti walivuna mahindi pamoja. Lakini kuna nyakati, akiwa katikati ya kusikiliza kesi ya watu, huacha kwa muda kuuliza maswali, na wanaomjua huona kwamba hayupo pale. Anajaribu kulikisia lile neno. Siku nyingine huona lilikuwa msamaha, na siku nyingine huona lilikuwa lawama. Na zipo siku, hizo ndizo mbaya zaidi, anapodhani halikuwa neno lolote kubwa, kwamba bibi alitaka tu maji, na alitaka kuletewa na mtu aliyezoea kumletea.